Wa mwisho kumwona ni mke wake



Mwezi huu neno nililolisikia kuliko yote katika kartye yetu ni "dalili". Kwenye bomba la maji, dalili. Sokoni penye sambaza, dalili. Na Jumamosi kwenye kikao cha akiba, dalili tena. Mnajua ninaongelea nani, na sitaandika jina lake kwa sababu karatasi hii inafika mikono mingi. Mume wake alikutwa asubuhi amekufa kando ya ukuta wa mawe wa parsele yao, kichwa kimepasuka. Yeye amefungwa tangu siku iliyofuata. Hakuna aliyemwona akiua, hilo kila mtu anakubali. Lakini dalili, wanasema, zote zinamwangukia yeye. Na sasa kuna pendekezo la kufuta jina lake katika kikundi na kubadilisha kufuli, maana ufunguo mmoja kati ya mitatu ya sanduku letu alikuwa nao yeye.

Sijui kama alimuua mume wake. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani naandika kumtetea rafiki. Watoto wake wawili wanasoma kwetu, mmoja yuko katika darasa langu, na nimeona namna wenzake wanavyomwachia benchi peke yake. Kwa hiyo nimetafuta kuelewa: je, mtu anaweza kuhukumiwa kwa kuua wakati hakuna jicho lililoona? Na kama anaweza, dalili zinapaswa kuwa za namna gani?

Jibu la kwanza halitawafurahisha wanaosema "hakuna shahidi, aachiliwe leo". Ndiyo, anaweza kuhukumiwa. Wauaji wengi hawaui mbele ya watu. Kama sheria ingedai shahidi wa macho kila mara, kila anayeua usiku angelala kwa amani. Majirani zetu wa Kenya na Tanzania wanaita jambo hili ushahidi wa mazingira. Sisi tunasema dalili tu, na neno letu linatosha. Ni mambo madogo madogo ambayo hakuna hata moja linalosema "huyu ameua", lakini yakiwekwa pamoja yanaweza kusema hivyo kwa nguvu kuliko mtu mmoja aliyeona gizani.

Sisi watu wa Goma tunaishi kwa dalili. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wengi wetu hatukuona lava hata kidogo. Tuliona mbingu nyekundu upande wa Nyiragongo, tukafunga watoto mgongoni na kukimbia. Na tulikuwa na haki ya kukimbia. Lakini kukimbia ni kitu kimoja, na kumfunga mtu maisha ni kitu kingine. Ukikimbia bure unarudi nyumbani umechoka. Ukimhukumu mtu bure, hakuna kurudi. Ndiyo maana dalili inayotosha kwa mama kukimbiza watoto wake haitoshi kwa jaji.

Nichukue kesi ambayo wengi wenu mliifuata kwenye simu. Septemba 2018, Monica Kimani, mfanyabiashara kijana, alirudi Nairobi akitoka Juba. Alikutwa amekatwa shingo ndani ya beseni la kuogea, katika nyumba yake. Hakuna aliyeona kisu kikishuka. Wakashtakiwa wawili: Joseph Irungu, anayejulikana kama Jowie, na mchumba wake wa wakati ule, Jacque Maribe, mtangazaji wa televisheni. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitano na mashahidi zaidi ya 30. Ilionekana kwamba aliyeingia mlangoni usiku ule alitumia kitambulisho cha mtu mwingine. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na baadaye nguo zikachomwa. Bunduki ya jirani iliazimwa. Gari lililotumika halikuwa lake. Kila jambo peke yake lina jibu: mtu anaweza kuvaa kanzu, anaweza kuazima gari. Lakini kuingia kwa kitambulisho cha uongo, kisha kuchoma nguo, na mwenyeji akutwe amekufa? Tarehe 9 Februari 2024 Jaji Grace Nzioka akasema dalili zimefunga, Irungu ana hatia.

Na yule mchumba? Kuna waliokuwa na uhakika kwamba naye alijua kila kitu. Gari ni lake, nyumba ni yake, na maelezo aliyotoa kwa polisi hayakuwa sawa. Jaji alimwachilia. Alisema waliomshtaki walichagua shtaka lisilo lake: kama kuna kosa, ni la kutoa habari za uongo, na hilo si kuua. Shikeni hapo, nitarudi.

Kipimo alichotumia si kipya. Tangu mwaka 1949, katika kesi ya Kipkering arap Koske, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki iliweka kanuni ambayo majaji wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaitumia mpaka leo. Kwa maneno yangu ni hivi: dalili zote pamoja zisiweze kukaa nyumba moja na kutokuwa na hatia, na kusiwe na maelezo mengine ya akili isipokuwa kwamba huyu ndiye aliyefanya. Mwaka 1958, katika kesi ya Simon Musoke, wakaongeza kwamba jaji lazima aangalie pia kama kuna mambo mengine pembeni yanayodhoofisha zile dalili. Yaani asihesabu zinazomwangukia mshtakiwa tu. Ahesabu na zinazomtoa.

Sheria yetu Wakongomani haikutoka kwa Waingereza, ilitoka kwa Wabelgiji. Kwetu jaji anapima ushahidi kwa kusadiki kwake ndani ya moyo. Mtu akisikia hivyo anaweza kuogopa, kama vile jaji anaamka na kuamua alivyoota. Hapana. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 21, inataka kila hukumu iandikwe na sababu zake zionyeshwe. Na kifungu cha 17 kinasema anayeshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Hukumu ya mwisho, mama wenzangu. Kasho siyo hukumu.

Sasa tuchukue dalili za jirani yetu, kama ninavyochukua hesabu ya mtoto ubaoni, mstari kwa mstari.

Ya kwanza, na ndiyo inayorudiwa zaidi: "Yeye ndiye wa mwisho kumwona." Alimpa bugali na sombe usiku, asubuhi mtu akakutwa amekufa. Lakini niambieni, mke gani si wa mwisho kumwona mume wake? Mwanamume akila kwake na kulala kwake, wa mwisho kumwona atakuwa mke wake kila usiku wa Mungu. Wa mwisho kumwona marehemu ni yule aliyemuua. Mke ni wa mwisho tunayemjua, basi. Kama aliuawa ndani ya nyumba iliyofungwa, dalili hii ingekuwa na uzito mkubwa. Alikutwa nje.

Ya pili, kitenge kilichokutwa kimeloa kwenye kamba kabla jua halijatoka. "Nani anafua usiku?" Sisi. Sisi wote tunafua usiku, kwa sababu maji ya bomba la avenue yetu yanafika saa sita ya usiku na kukatika kabla ya asubuhi. Usiku uleule mimi nilifua yunifomu za watoto mpaka saa saba. Kama kitenge kingekuwa na damu, hiyo ingekuwa hadithi nyingine kabisa. Lakini hakuna aliyekichukua kukipima. Kilitolewa kwenye kamba siku ya kilio, na leo hakuna anayejua kiko wapi. Kitu ambacho kingeweza kumfunga au kumfungua kimepotea, na kimebaki kitenge cha mdomoni, ambacho kila wiki kinaongezewa damu.

Ya tatu, hakulia. Hii inanikasirisha, niseme wazi. Tumewaona mama waliofika Kanyaruchinya na Bulengo wakiwa wamezika watoto njiani, macho makavu, wanauliza mahali pa kuweka sufuria. Machozi hayana saa. Hakuna jaji mwenye akili anayeandika "hakulia" katika hukumu.

Ya nne ni nzito, na sitaipunguza. Waligombana siku mbili kabla, kwa sauti, kwa sababu ya parsele. Yeye hakutaka iuzwe. Majirani walisikia na watasema mbele ya jaji, na ni haki yao kusema. Ugomvi unaonyesha sababu ya kukasirika. Lakini sababu ya kukasirika iko katika nyumba ngapi za avenue yetu? Na kuna jambo la pembeni, lile ambalo kesi ya Musoke inataka litazamwe: parsele ile kuna zaidi ya mtu mmoja aliyeitolea macho. Sisemi mtu mwingine ndiye aliyeua. Nasema sababu hii inaelekeza zaidi ya upande mmoja, na kidole kinachoelekeza pande mbili hakijaonyesha bado.

Ya tano ndiyo inayonisumbua. Aliwaambia polisi kwamba alilala usiku mzima. Lakini mama wawili walimwona kwenye bomba, na yeye pia anajua walimwona. Hapo alisema uongo. Nimejaribu kuueleza na sikufaulu. Labda aliogopa, mtu aliyeamshwa na maiti ya mume wake na kuulizwa maswali na watu wenye bunduki. Labda kuna kitu alichokuwa anaficha ambacho si kuua. Labda ni kuua. Hapa ndipo nawakumbusha yule mtangazaji wa Nairobi. Uongo ni dalili, jaji ataupima, na ana haki ya kuupima sana. Lakini uongo peke yake ni uongo. Mahakama ya rufaa ya Kenya imesema mara nyingi kwamba shaka, hata ikiwa kali namna gani, haigeuki kuwa ushahidi kwa sababu ya ukali wake.

Kuna mama aliyesema kwenye kikao: "Basi wamkaze kidogo, atakubali mwenyewe, na maneno yatakwisha." Nakuheshimu, mama yangu, lakini neno hilo ni la hatari kuliko dalili zote. Tunadhani kukiri ndiyo ushahidi mkubwa. Tutazame Bukavu, ng'ambo ya ziwa letu.

Serge Maheshe, mwandishi wa Radio Okapi, alipigwa risasi jioni ya tarehe 13 Juni 2007. Alikuwa pamoja na rafiki zake wawili. Wakapatikana wanaume wawili waliokiri kwamba wao ndio waliompiga, tena wakasema wale rafiki ndio waliowatuma. Tarehe 28 Agosti mwaka uleule mahakama ya kijeshi ikawahukumu wote wanne kifo. Waliofuatilia kesi walilalamika kwamba maiti haikupimwa wala risasi hazikulinganishwa na bunduki. Kila kitu kilisimama juu ya midomo miwili. Siku chache baadaye midomo ileile ikasema ilidanganya kuhusu wale rafiki, kwamba iliahidiwa zawadi. Ilikuwa Mei 2008, kwenye rufaa, ndipo rafiki wa marehemu walipoachiliwa. Walikuwa wamemwona rafiki yao akifa, wakashtakiwa kumuua, wakahukumiwa kufa wao pia. Risasi iliyopimwa ingewafaa kuliko mtu aliyekiri.

Na hapa kwetu, barabara ya Rutshuru, tarehe 22 Februari 2021, waliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na Mustapha Milambo, dereva, ndugu yetu. Washtakiwa walikiri mwanzoni, kisha wakakana mbele ya majaji, na mawakili wao wakasema walikiri kwa kuteswa. Aprili 2023 mahakama ya kijeshi huko Kinshasa iliwapa kifungo cha maisha. Inawezekana majaji walipatia. Lakini kukiri kukishaguswa na fimbo, hata kukiwa kweli, kunabaki na doa, na familia za marehemu zinaingia kulala na swali.

Dalili haiwezi kupigwa mpaka iseme. Ndiyo maana mimi, kama ningeshtakiwa, ningechagua jaji anayepima vitu kuliko polisi anayetafuta maneno. Shida yetu hapa ni kwamba vitu havikusanywi. Mahali palipouawa mtu panakanyagwa na watu mia moja kabla polisi hawajafika, watoto wakiwa mbele. Maiti inaoshwa na kuzikwa haraka kwa sababu hakuna pesa ya kuiweka. Simu inazunguka mikononi. Siku ya tatu zinabaki hadithi tu, na hadithi zinamwendea aliye dhaifu: mjane, mke mdogo, mama mkwe mzee anayeongea peke yake.

Na bei ya kukosea imepanda. Kuua kwa kukusudia na kupanga, sheria yetu inatoa adhabu ya kifo. Miaka ishirini hivi haikuwa ikitekelezwa. Tarehe 13 Machi 2024 barua ya Waziri wa Sheria iliondoa zuio lile, akitaja usaliti na ujambazi wa mjini unaoleta vifo. (Siku hiyohiyo Jowie alihukumiwa kifo kule Nairobi. Imetokea tu, lakini ilinishtua.) Ongeza kwamba tangu utawala wa kijeshi ulipoanza katika jimbo letu, Mei 2021, kesi nyingi za raia zilipelekwa kwa majaji wa jeshi. Bado sijataja hukumu ya haraka kuliko zote, ile ya mawe na matairi barabarani, ambayo haina rufaa. Siku ile ya kilio kulikuwa na vijana waliokuwa wameshaanza kuokota mawe, na mawe hapa kwetu hayatafutwi mbali. Polisi walipomchukua, kwa kweli walimwokoa.

Kuhusu kikundi, maoni yangu ni haya. Akiba yake ni yake na mgao wake usiguswe. Ufunguo wapewe mama mwingine kwa muda, iandikwe kwenye daftari kwamba ni kwa muda, na sababu iandikwe "hayupo", basi. Asiandikwe "muuaji" na katibu wetu kabla hajaandikwa hivyo na jaji. Na watoto waachwe: kifungu kilekile cha 17 kinasema hakuna anayeshtakiwa kwa jambo la mwingine, na mtoto wa miaka kumi anayekaa benchi peke yake ameshashtakiwa. Nimeanza kumpanga katikati ya wasichana wawili wa heshima. Wazazi wao wakitaka kuniuliza, waje waniulize.

Lililobaki ni dogo, lakini ndilo lililonifanya niandike wiki hii nisingoje ijayo. Mama wawili mmesema kando, si mbele ya watu, kwamba usiku ule, baada ya saa tisa, mlisikia pikipiki ikisimama karibu na ukuta ule, ikakaa kidogo, kisha ikaondoka bila taa. Usiku, saa ambayo motari hawatembei tena. Mmoja amesema ilikuwa mbili. Inaweza kuwa haina maana. Inaweza kuwa ndiyo ile dalili ya pembeni. Hata ikiwa inamwangukia yeye, kwamba alimfungulia mtu mlango, bado inapaswa kusemwa, maana haikusikika ili ikae kwenye bomba la maji.

Avoka anayemsaidia bila malipo atakuwa kwenye chumba cha chama Jumatano, saa nane mchana. Hahitaji mseme nani aliua. Anahitaji mseme mlisikia nini, saa ngapi, mlikuwa wapi, na kama mlitazama nje. Anayeogopa kuja peke yake anipitie kwangu baada ya masomo, tutaenda pamoja. Mwenye mtoto mdogo aje naye.